Kalenga Anaita

Mathieu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha shaba pale Likasi, na kiburi chake chote kilikaa mikononi. Mpe mashine iliyowashinda wenzake, ataizunguka, ataigonga, ataitukana kidogo kwa Kifaransa, nayo itawaka. Nyumba yake ya mtaa wa Kikula aliijaza vyombo mpaka majirani wakawa wanawaleta wageni kuja kushangaa: paneli za jua juu ya bati, kamera getini, routeur ya intaneti ukutani, na tablette kubwa salon inayoongea kama mtu. Hayo aliyaweza. Kumstahimili mama mkwe wake ndiko kulikomshinda. Simtetei, ila haki yake nitampa: yule mama naye alikuwa na ulimi.

Mama huyo aliitwa Kalenga. Siku Mathieu alipokuja na wazee wake kumposa Danielle, Mama Kalenga alimkagua kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akamwambia kaka yake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Ule kijana, akili yake yote iko mu nyaya. Ukizima courant, hakuna muntu." Watu wakacheka. Hata wazee wa Mathieu walicheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ndoa ikafungwa, watu wakala wakashiba, wakasahau. Yeye hakusahau. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Bahati nzuri kuna buko. Buko ni heshima ya ukwe, na kwa watu wa kwao ni ukuta hasa: mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatajani majina, na yeye haingii chumba anacholala mama wa mkewe hata kwa dawa. Kwa miaka mingi ukuta huo uliwafaa wote wawili. Mama alikaa kwake mtaa wa Panda, mkwe akakaa kwake Kikula, na salamu zilipita kwa Danielle.

Kisha Mama Kalenga akaanguka kanisani katikati ya misa, na alipozinduka upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa. Mguu hauendi, mkono haushiki, sauti imebaki nyembamba ya kunong'ona. Danielle, mtoto wake wa pekee, akamleta nyumbani, akamweka kwenye chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua. Na hapo, tuseme ukweli, Mathieu alifanya kazi nzuri. Alitengeneza sonnerie, yaani kengele ya kuitia. Kiboksi kidogo chenye kitufe kiliwekwa kitandani, karibu na mkono mzima wa mama. Akikifinya, tablette ya salon inaita mpaka mtu aende. Hakuingia kukifunga mwenyewe, la. Alisimama uani akawa anampigia Danielle kelele kupitia dirishani: chomeka huku, finya hapo, ngoja taa nyekundu. Kiboksi kilipotaka kupewa jina, Danielle hakufikiri mara mbili. Aliandika jina la mama yake.

Hapa ni lazima nieleze kidogo, maana balaa lilianzia hapa. Katika nyumba kama ile kila chombo kina namba, na namba zinagawiwa na routeur. Courant, yaani umeme, ikikatika na kurudi, routeur inaweza kugawa upya, na aliyekuwa na hii akapewa ile. Ndiyo maana vyombo hutafutana kwa majina. Tablette inauliza nyumba nzima, Kalenga yuko wapi? Kiboksi kinajibu, niko hapa, namba yangu ya leo ni hii. Ukiita jina ambalo hakuna mwenye nalo, hakuna atakayejibu. Ni hivyo tu, wala hakuna uchawi.

"Kalenga anaita! Kalenga anaita!" ndivyo tablette ilivyokuwa ikisema kutwa. Siku moja ya mpira, salon imejaa wenzake wa kiwandani, ikaanza tena, na Mathieu, macho yote kwenye televisheni, akaijibu bila kufikiri: "Oui, Kalenga, ngoja!"

Salon ikalipuka. Hervé, mwenzake wa zamu, alicheka mpaka akashika tumbo. "Aka! Mathieu! Unamuita mama-mukwe yako jina yake? Mbele ya bantu? Weye, tafuta mbuzi ya kuomba pardon!" Kuanzia hapo kiwandani hakusalimiwa tena. Akiingia asubuhi na kofia yake ya kazi, watu walimwambia tu, "Oui, Kalenga, ngoja."

Akachukia kweli. Jumapili moja, Danielle akiwa kanisani, akafungua tablette, akafuta Kalenga, akaandika Nyuma. Sasa tablette itamtafuta Nyuma, itangaze Nyuma anaita, na hakuna atakayecheka. Lakini kiboksi chenyewe nacho kilipaswa kubadilishwa jina, na kiboksi kiko kitandani kwa mama mkwe, chumba asichokanyaga. Angeweza kumtuma Danielle. Hakumtuma, kwa sababu ingebidi amweleze kisa. Akajaribu sonnerie, ikalia vizuri tu, maana tablette ilikuwa bado inaikumbuka namba ya zamani. Akajisemea, itatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi mzima alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani.

Mvua kubwa za Februari zikaangusha nguzo, Kikula ikakaa gizani mpaka betri za paneli zikaisha nguvu. Jumamosi asubuhi courant ikarudi, na mtaa mzima ukapiga vigelegele. Kwa jirani, Mama Marceline, kinu cha mahindi kikaanza kunguruma, na wanawake wakapanga ndoo zao kwenye foleni mpaka karibu na geti la Mathieu.

Danielle alikuwa amekwisha kujifunga kwa safari ya Lubumbashi. Anauza vitambaa vya vikwembe sokoni, na mzigo wake ulikuwa unamngoja kule. Kabla ya kuondoka akafinya kitufe cha mama. Kimya. Akafinya tena, akarudi salon amekunja uso.

"Mathieu, sonnerie ya mama haiko inalia."

"Courant njo inarudi sasa. Enda tu, chérie. Kabla ufike ku péage ya barabara, itakuwa imepona."

"Uniambie kweli. Niache safari?"

"Juu ya nini? Minye niko congé leo, sitaenda ku kazi. Uko na fundi mu nyumba, unaogopa nini?"

Danielle akarudi nyuma kumuaga mama yake. Mathieu naye akatoka uani kunawa uso kwenye bomba, hatua chache tu kutoka dirisha lile, na akayasikia yote.

"Danielle, usiniache na ule muntu," ilisema ile sauti nyembamba.

"Mama, atatengeneza."

"Atatengeneza nini? Akili yake yote iko mu nyaya, na nyaya yenyewe inamushinda."

"Bon, kama haipone, ugonge dirisha na kikombe. Mathieu atasikia, ataita Mama Marceline akuye kukuangalia. Na saa ya kula pia atamuita. Tumeelewana?"

Danielle akatoka, akampungia mumewe mkono, akaenda zake. Mathieu alibaki pale bombani, maji yanamchuruzika shingoni. Miaka yote hiyo! Kampa chumba, kamtengenezea sonnerie, na bado neno ni lile lile la siku ya posa.

Akaingia salon akaanza kupima. Kwanza namba. Aliitafuta kwenye routeur, akaiita: ikajibu papo hapo. Kwa hiyo kiboksi ni kizima, na njia ni nzima. Kisha akaita jina, Nyuma. Hakuna. Akajaribu kwa simu yake. Hakuna. Hapo akajua, na alijua vizuri kwamba kosa ni lake mwenyewe. Tablette inamtafuta Nyuma, na katika nyumba ile hakuna anayeitwa Nyuma. Aliyeko ni Kalenga, yuko pale pale, anangoja kuulizwa. Dawa ilikuwa rahisi mno. Afute Nyuma, aandike Kalenga. Hata haikumlazimu kuvuka ua.

Kidole chake kilifika juu ya kioo, kikasimama. Aandike jina la yule mama, kwa mkono wake, leo, baada ya maneno yale? Akaiweka tablette mezani, akaketi. Leo utaniita mwenyewe, alisema moyoni. Si kwa kitufe, kwa kinywa chako. Utasema, Mathieu, nisaidie. Mimi nikishasikia hilo, nitaandika.

Mnamwona? Mgonjwa asiyeweza kugeuka kitandani, na mwanamume mzima anayengoja kuombwa.

Kikombe kilianza kugonga kidogo baadaye. Mwanzoni kiligonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mathieu akaenda mpaka mlango wa salon, akatega sikio. Alikuwa anatafuta jina lake. Kikombe kikagonga tena, kwa nguvu zaidi, lakini jina halikuja. Basi endelea, akasema, akarudi kukaanga mayai yake. Alikula akisikiliza kikombe, na alifurahi. Nitumie neno gani lingine? Alifurahi.

Kilipozidi, akaongeza sauti ya televisheni. Alipoona hata hivyo kinasikika, akatoka uani, na hapo akamkuta Mama Marceline amechungulia juu ya ukuta, nyusi nyeupe kwa unga, anapaza sauti kuishinda mashine yake.

"Papa Mathieu! Nasikia kama muntu anagonga kule nyuma! Mama iko sawa?"

Hii ndiyo nafasi Mungu aliyompa, na ilikuja na miguu yake. Angesema, ingia Mama Marceline, mwangalie, na mambo yangeishia hapo.

"Ni mbuzi!" Mathieu akapaza sauti naye. "Tulifunga mbuzi kule, inapiga pembe mu mulango!"

"Mbuzi? Danielle hakuniambia."

"Ya sherehe ya baptême!"

"Na mama?"

"Analala! Danielle iko naye!"

Marceline alikuwa ameinamia kinu chake tangu courant irudi, hakumwona Danielle akitoka. Akacheka. "Mukichinja, munikumbuke, hein!" Akateremka, akarudi kwenye kinu chake.

Kikombe kilinyamaza kwa muda. Baadaye kikarudi, lakini sasa kiligonga ovyo, mara moja, halafu kimya kirefu, halafu tena mara moja. Mathieu hakujali. Mchana Danielle akapiga simu kutoka Lubumbashi, kelele za soko nyuma yake.

"Sonnerie ilipona?"

"Ilipona."

"Mama Marceline alimupa mama chakula?"

"Alimupa. Sasa analala."

"Aksanti, bwana yangu. Mungu akubariki."

Alikata simu, akajipa moyo: bado kidogo, atanishinda au nitamshinda. Akalala kidogo kwenye kochi. Kilichomwamsha ni kimya. Kinu cha Marceline kilikuwa kimezimwa, ndoo zimeisha, na mtaa umetulia kama unavyotulia jioni ya Jumamosi. Akatafuta sauti ya kikombe. Hakuikuta. Akaizima televisheni, akasikiliza tena, na ndipo hofu ya kweli ilipomshika.

Akaikamata tablette. Akafuta Nyuma. Akaandika Kalenga, akakosea, akaandika tena.

"Kalenga anaita! Kalenga anaita! Kalenga anaita!"

Haikupumua. Ilipiga kelele bila kukoma, kama kitufe kimefinywa na hakiachiliwi. Mathieu akavuka ua mbio, na kwenye mlango wa chumba cha nyuma akasimama. Miguu ilikataa. Tangu utoto wake aliambiwa huko hakuingiwi. Akaita, "Mama?" Hakuna jibu. Akasukuma mlango.

Mama Kalenga alikuwa sakafuni, amelala kifudifudi kati ya kitanda na mlango. Alikuwa amejaribu kutoka kwa mkono mmoja. Kikwembe kilibaki kitandani, na chini alikuwa amelowa, na harufu ilijaza chumba. Kiboksi kilikuwa chini ya bega lake, na uzito wa mwili ndio uliokuwa ukikifinya. Yule mwanamume ambaye hakupaswa hata kumwona mama mkwe wake akila, leo aliona vyote. Akageuza uso, lakini alikuwa amekwisha kuona.

Alivua shati lake akamfunika, akamwinua. Hakuwa na uzito wowote. Alipomlaza kitandani, mama akafungua macho, akamtazama usoni, jambo ambalo hawakuwahi kufanya tangu siku ya posa.

"Mathieu," akasema.

Jina hilo alilingoja tangu asubuhi.

"Ulikuwa unasikia."

"Mama, sonnerie ili..."

"Ulikuwa unasikia. Minye pia nilisikia. Ulisema minye ni mbuzi."

Hakulia, hakutukana. Alifumba macho, akageuzia uso ukutani. Mathieu akatoka kinyumenyume, akaenda kumwita Marceline.

Marceline alikuja na beseni la maji. Alipoingia tu, kabla hajauliza lolote, mama alimwambia kwa ile sauti yake: "Nilianguka. Mukwe alinisikia, akaingia kuniinua." Marceline akamwosha, akambadilisha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Alipotoka na beseni, alisimama uani akatazama kila kona, taratibu, kuanzia bomba mpaka nyuma ya choo. Hakuona mbuzi. Hakumsalimu Mathieu alipopita.

Danielle aliporudi aliambiwa maneno yale yale na mama yake. Akamkumbatia mumewe, akalia begani mwake. Kesho yake akawaeleza watu kanisani, akawapigia simu wajomba zake: mume wangu alivunja buko ili amwokoe mama. Wajomba wakatuma salamu za heshima. Kiwandani Hervé alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pardon, mukubwa. Weye ni muntu." Mathieu aliitikia yote. Angefanya nini? Kila sifa ilimshuka tumboni kama kwinini, na aliimeza mbele za watu akitabasamu.

Mama Kalenga aliomba jambo moja tu kwa binti yake. "Buko irudi. Mukwe asiingie tena huku." Danielle aliliona ni jambo la haki, la mtu mzima anayejiheshimu.

Basi Mathieu akaitengeneza sonnerie kama hajawahi kutengeneza kitu. Kiboksi akakifungia namba moja kwenye routeur, isibadilike hata dunia ikizimika. Jina akaliacha Kalenga, na aliyetaka kucheka na acheke. Routeur akaipa betri yake yenyewe. Kila asubuhi aliita namba, ikajibu. Akaita jina, likajibu. Danielle akafinya, tablette ikalia. Haikuwahi kukosea tena.

Danielle akiwa nyumbani, mama alifinya kama kawaida: maji, blanketi, nigeuze. Danielle akitoka na Mathieu akibaki, kitufe hakikuguswa. Danielle alirudi akamkuta mama amelowa, midomo imekauka, kiboksi pembeni ya mkono.

"Mama, juu ya nini hauite? Imepona!"

"Najua imepona."

Siku moja Mathieu hakuweza tena. Alisimama chini ya dirisha lile, akaongea na ukuta. "Mama, ita tu. Sitaingia. Nitaita Mama Marceline, naapa mbele ya Mungu." Pazia halikutikisika. Akasubiri mpaka aibu ikamrudisha ndani.

Siku ya mwisho Danielle alikuwa sokoni, na Mathieu alikuwa congé. Televisheni hakuiwasha. Alikaa na tablette magotini tangu Danielle alipofunga geti, anatazama jina lile lenye kialama cha kijani pembeni, Kalenga, tayari, anapatikana. Aliangalia hivyo mpaka chai ikapoa mbele yake. Akavuka ua mpaka dirishani. "Mama?" Kimya. Akaweka mkono kwenye kitasa, akautoa. Alikatazwa, na safari hii si desturi iliyomkataza bali mwenye chumba. Akakimbia kwa jirani, tablette bado iko mkononi.

Marceline aliacha mahindi ya watu kwenye kinu, akaja, akaingia peke yake. Alikaa ndani kitambo. Alipotoka mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani, unga umemjaa mpaka viwikoni.

"Amekwenda," akasema. "Sonnerie iko mu mukono yake."

Marceline akaitazama tablette, akamtazama yeye. "Hakuita?"

"Hakuita."

"Papa Mathieu. Hakuita?"

"Hakuita, mama. Naapa. Nilikuwa nasikiliza tangu asubuhi."

Kwa mara ya kwanza alikuwa anamwambia kweli tupu, na Marceline hakumwamini hata neno. Alimpita, akaenda mpaka getini, akaanza kulia kwa sauti ili mtaa ujue.